Mwanga Hauijui Sumaku, Ila Hudanganyika

Leza nyingi zinazosukuma intaneti kwenye faiba za masafa marefu zimefichiwa ndani kisumaku cha milimita chache. Mteja hakijui, na mafundi wengi nao hawakijui, maana moduli (kile kifaa kilichobeba leza) ikifa tunaichomoa, tunachomeka nyingine, na marehemu anatupwa kwenye boksi la vyuma chakavu. Kijana wa Chuo Kikuu cha Busitema aliyekuwa kwetu Tororo kwa mafunzo ya kazini ndiye aliyeamua kupasua moja kwa bisibisi ndogo za kutengenezea simu, na bisibisi ikanasa.

“Mzee, humu mna sumaku,” akasema. “Sumaku na mwanga wapi na wapi?”

Jibu la upesi ni kwamba hawana undugu. Kinachopindwa na sumaku ni chaji ya umeme inayotembea. Elektroni ikiingia kwenye uga wa sumaku husukumwa ubavuni, si mbele wala nyuma, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo msukumo unavyozidi. Ikiachwa peke yake itazunguka duara. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, haina chaji. Ipitishe kwenye ombwe katikati ya sumaku kali za maabara, zile zinazofika tesla 45 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), nayo itanyoosha njia yake kana kwamba hakuna kitu. Uga wa dunia hapa Uganda haufiki hata mikrotesla 40, kwa hiyo huo usiutie hesabuni kabisa.

Jibu la kweli ni refu, na miaka ya karibuni limezidi kurefuka, kwa sababu wanafizikia wamepata namna ya kuufanya mwanga ujipinde kama uliotumbukia kwenye uga wa sumaku mahali ambapo sumaku haipo. Hakuna chuma, hakuna koili ya umeme. Kuna matundu tu, yaliyotobolewa kwa mpangilio kwenye bamba la silikoni. Nimekuwa nikiifuatilia habari hii kwa hamu ya fundi anayeishi kwa mwanga, na nimeona jambo moja ambalo taarifa nyingi za mtandaoni hulivuruga: uga huu wa kutengenezwa ni wa kweli kabisa kwa upande wa njia, lakini hautofautishi kwenda na kurudi. Anayechanganya mambo hayo mawili atauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na kile kisumaku. Mwaka 1845 Michael Faraday, akiwa London, alipitisha mwanga kwenye kipande cha kioo kizito chenye risasi kilichokaa ndani ya uga wa sumaku. Mwanga haukupinda. Kilichogeuka ni mwelekeo wa mtetemo wake: wimbi lililoingia likitetemeka juu na chini lilitoka likitetemeka mshazari. Sumaku haikuugusa mwanga wenyewe. Iliyumbisha mwendo wa elektroni za kile kioo, na mwanga ulipopita kati ya elektroni hizo ukapokea athari yake. La ajabu zaidi hutokea mwanga ukirudi. Ungetarajia msokoto ule ujifungue, lakini badala yake unaongezeka. Nyuzi 45 za kwenda na nyuzi 45 za kurudi zinafika 90, na kichujio kilichoruhusu mwanga kutoka sasa kinaukatalia kuingia. Kifaa hicho ndicho aisoleta.

Aliyewahi kushika faiba haelezwi mara mbili kwa nini tunakihitaji. Mwanga unaorudi ndani ya leza unaiyumbisha, mawimbi yanachafuka, na makosa ya data yanapanda bila sababu ya kuonekana kwa macho. Ndiyo maana viunganishi vya kijani vimechongwa ncha kwa nyuzi 8, mwangwi upotelee ubavuni mwa uzi badala ya kurudi ulikotoka. (Na ndiyo maana anayelazimisha kiunganishi cha bluu kwenye cha kijani anastahili kunyang'anywa mkoba wa vifaa.) Kiunganishi kinapunguza mwangwi, aisoleta inaufungia mlango. Mpaka leo, kwenye vifaa vya kawaida vya sokoni, mlango huo unataka sumaku halisi pamoja na fuwele ya ganeti, na ganeti haikubali kwa urahisi kuoteshwa juu ya chipu ya silikoni. Athari yenyewe pia ni dhaifu kwa mwanga, kwa hiyo unahitaji kipande kirefu. Chipu haina nafasi ya vipande virefu.

Kazi nyingine ambayo watu wangependa uga uwafanyie ni kona. Hapa sihitaji maabara. Chukua uzi wa faiba, uchomekee kalamu ya mwanga mwekundu, kisha ukunje polepole kwenye kidole. Kuna mahali ambapo uzi unaanza kuwaka wekundu kwenye mkunjo: huo ni mwanga unaovuja, hauwezi tena kuifuata njia. Faiba ya kawaida ya G.652 haipendi mkunjo wa nusu kipenyo chini ya milimita 30. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 huvuja zaidi kuliko wa 1310, na hapo ndipo tunapomkamata mwizi: ukipima kwa OTDR (kipimo kinachorusha mwanga na kusoma unaorudi) na hasara ikawa kubwa kwenye 1550 kuliko 1310, usiende kulaumu splaisi, yaani maungio ya nyuzi, tafuta mahali ambapo mtu ameukunja uzi vibaya ndani ya boksi.

Ndani ya chipu kona zinapimwa kwa mikroni, na wahandisi wana silaha nyingine: kristali ya fotoni. Mwaka 1987 Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba ukiipanga mata kwa marudio ya kiwango cha urefu wa wimbi, unaweza kuyapiga marufuku masafa fulani ya mwanga (yaani kasi fulani za mtetemo wake) yasipite kabisa. Kwa mwanga wa mawasiliano, hiyo ina maana ya bamba la silikoni lenye unene wa nanomita mia mbili na kitu, lililotobolewa matundu yenye nafasi ya nanomita mia kadhaa kutoka moja hadi jingine. Silikoni huupunguza mwanga mwendo mara tatu na nusu hivi, tundu la hewa haliupunguzi, na mwanga unaopita katikati ya mpango huo haujioni tena uko ndani ya silikoni wala ndani ya hewa. Unafuata sheria za ule mpango.

Matundu yakipangwa kama sega la nyuki, sheria hizo zinakuwa za namna ya pekee. Ukichora masafa dhidi ya mwendo wa wimbi (linaelekea wapi, na migongo yake imesongamana kiasi gani), unapata koni mbili zilizoelekeana, juu na chini, zikikutana nchani. Wanafizikia wanaziita koni za Dirac. Elektroni ndani ya grafini, ule utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, ina koni hizo hizo. Kwa hiyo chochote kinachowezekana kwa elektroni za grafini, mtu anaanza kujiuliza kama kinawezekana kwa mwanga ndani ya bamba la matundu.

Sasa uga utoke wapi, na sumaku haipo? Ili kulijibu hili nampitisha msomaji Kayabwe.

Aliyekwenda Masaka kwa barabara anapajua: pete nyeupe za saruji kwenye mstari wa ikweta, kama kilomita sabini kutoka Kampala, maduka ya vinyago na vitambaa, watalii wakipiga picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Pale wapo vijana wenye mabeseni yenye tundu chini. Anamimina maji kaskazini mwa mstari, anadondosha ua dogo, nalo linazunguka upande mmoja likishuka. Anahamia kusini hatua chache, ua linazunguka upande wa pili. Katikati kabisa, maji yanashuka bila kuzunguka. Mtalii anapiga makofi, anatoa noti.

Ni kiini macho. Mita 20 kutoka kwenye mstari, kwa maji yanayokwenda sentimita 10 kwa sekunde, msukumo wa ubavuni unaoletwa na mzunguko wa dunia ni mdogo kuliko uvutano kwa zaidi ya mara bilioni 200. Kinachoamua ua lizunguke upande gani ni mkono wa anayemimina. Sina ugomvi na vijana wale, wanakula jasho lao kama sisi, na kwa haki ni mafundi wazuri wa kumimina. Ila kinachonivutia ni kwamba kitu wanachokiigiza kipo kweli, na ni chenyewe tunachokitafuta.

Nguvu hiyo, ya Coriolis, husukuma ubavuni, si mbele wala nyuma, na huongezeka kadiri kitu kinavyokwenda kasi. Msomaji makini ameshaona: hiyo ndiyo sifa niliyoitaja ya uga wa sumaku juu ya elektroni. Ukiandika milinganyo ya nguvu hizi mbili inafanana. Mahali palipokuwa na chaji mara uga, unaweka mara mbili ya uzito mara kasi ya mzunguko wa dunia. Hewa haina chaji. Maji ya bahari hayana chaji. Hata hivyo hewa na maji vinaishi ndani ya kitu chenye tabia zote za uga wa sumaku, kwa sababu tu sakafu inazunguka. Kaskazini mwa ikweta unasukumwa kulia, kusini unasukumwa kushoto, na kwenye mstari wenyewe msukumo unakuwa sifuri na kubadili alama. Uga, kwa maana hii, ni namna ya kusukuma. Sumaku ni mojawapo tu ya njia za kuupata.

Na mstari huo unaopita Kayabwe unafanya jambo moja kubwa ambalo halihitaji beseni. Chukua wimbi la bahari linalokwenda mashariki kwenye ikweta. Likichepuka kaskazini, msukumo wa kulia unalirudisha kusini, kwenye mstari. Likichepuka kusini, msukumo wa kushoto unalirudisha kaskazini, kwenye mstari. Limefungwa njiani. Geuza sasa liende magharibi: misukumo ile ile inalitupa mbali na mstari, pande zote mbili. Ndiyo maana mawimbi ya Kelvin ya ikweta husafiri kuelekea mashariki tu. Katika Pasifiki huvuka bahari kwa takriban miezi miwili, na ni sehemu ya mtambo unaoanzisha El Niño, ile ile inayotuletea mvua za kupindukia mwishoni mwa mwaka. Mwaka 2017 Delplace, Marston na Venaille walionyesha katika jarida la Science kwamba mawimbi hayo ni ndugu wa damu wa mikondo ya pembeni ya elektroni kwenye uga wa sumaku: ni hesabu ile ile ya topolojia, hesabu ya sifa za maumbo zisizobadilika hata umbo likivutwa. Sijui kwa nini jambo hili halijaandikwa kwenye bango pale Kayabwe. Lina thamani kuliko ua.

Kwa bamba la silikoni, huwezi kulizungusha kwa kasi inayotosha. Njia iliyopatikana ni nyingine, nayo ilianzia kwenye grafini. Fikiria wavu wa mukene, wale dagaa wa ziwani, matundu yote sawa. Ushike kona na uuvute: matundu ya karibu na mkono yananyooka sana, ya mbali yananyooka kidogo, na badiliko linakwenda polepole kutoka tundu hadi tundu. Mwaka 2010 Guinea, Katsnelson na Geim walikokotoa kwamba grafini ikivutwa kwa mpangilio wa namna hiyo, elektroni zake zitajiona ziko ndani ya uga wa sumaku. Mwaka huo huo kundi la Berkeley lilipima viputo vidogo vya grafini vilivyojitokeza juu ya platini na kukuta elektroni zikijipanga kana kwamba uga umezidi tesla 300. Rudi juu uitazame ile 45 ya maabara. Na pale hapakuwa na sumaku yoyote.

Kwa nini kuvuta kufanye hivyo? Ncha ya koni ya Dirac ina mahali pake kwenye ramani ya miendo ya wimbi. Ukiuvuta mpango, ncha inahama kidogo. Kama umeuvuta sawasawa kila mahali, ncha imehama sawasawa, na hakuna kinachotokea. Umebadilisha tu mahali pa kuanzia kuhesabu. Lakini kama mvuto unatofautiana kutoka mahali hadi mahali, wimbi linaposafiri linakuta kila hatua mahali pa kuanzia pamesogea, na njia yake inazidi kupinda upande mmoja. Kwa elektroni ya kawaida, kitu kinachosogeza mahali hapo pa kuanzia huitwa potenshali ya uga wa sumaku, na ni tofauti zake kutoka mahali hadi mahali ndizo zinazoupa uga nguvu. Wimbi halina njia ya kuuliza kama kilichosababisha ni koili au ni fundi aliyesogeza matundu.

Kwa mwanga, ushahidi wa kwanza mzito ulikuja 2013, kutoka kwa watafiti wa Haifa na Jena. Walichora kwa leza njia nyingi nyembamba za mwanga ndani ya kioo, zikiwa zimepangwa kama sega la nyuki lililovutwa, nao mwanga ukaonyesha alama za ngazi za Landau. Ngazi hizo zahitaji maelezo, maana ndizo alama ya kidole gumba ya uga wa sumaku. Ukiziona, uga upo. Lev Landau alionyesha 1930 kwamba chembe ndani ya uga haiwezi kuwa na nishati yoyote itakayo, bali inabanwa kwenye vidato. Kwa chembe za kawaida vidato vina nafasi sawa. Kwa chembe za Dirac, kama elektroni za grafini na mwanga wetu wa matundu, vidato hukaribiana kadiri unavyopanda: vinafuata kipeuo cha pili cha namba ya ngazi, 1, kisha 1.41, kisha 1.73. Ukipima nafasi zikakaa hivyo, huna haja ya kubishana na mtu.

Mwaka 2024 ngazi hizo zilionekana ndani ya mabamba ya silikoni yenyewe, na makundi mawili yakachapisha katika Nature Photonics: moja la Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani, jingine la Uholanzi, taasisi ya AMOLF ya Amsterdam pamoja na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft. Katika kazi ya Penn State kuna kipengele ninachokipenda kuliko vyote. Ngazi zao hazikuwa bapa. Nadharia inasema zinapaswa kuwa bapa kabisa, yaani masafa yale yale kwa miendo yote, lakini zao zilipinda kidogo pembeni, kwa sababu kuyavuta matundu kunaleta pia athari ya pili, kama mwinuko wa ardhi usiotakiwa. Wakaongeza mvuto wa ziada uliokokotolewa ili kuufuta mwinuko huo, ngazi zikanyooka. Hiyo ni kazi ya fundi anayeujua mtambo wake. Kwenye grafini usingeweza, kwa sababu atomi hazikubali kuwekwa zinapoagizwa. Tundu la silikoni linakaa pale ulipolitoboa.

Ubapa wenyewe una faida. Wimbi ambalo masafa yake hayabadiliki na mwendo lina kasi sifuri ya kusafiri: mwanga unazunguka mahali pamoja, unajikusanya, unakaa muda mrefu na mata iliyo hapo. Anayetafuta leza ndogo, au anayetaka chembe moja ya mwanga iguse kwa nguvu kitu kidogo kilichopandikizwa ndani ya bamba, hapo ndipo pa kutafuta.

Nimefika sasa kwenye lile linalovurugwa. Sega la nyuki halina koni ya Dirac ya aina moja. Lina aina mbili, zilizo kwenye pembe mbili tofauti za ramani ya miendo, na wanaofanya kazi hii huyaita mabonde. Ukivuta mpango, ncha za mabonde mawili zinahama kwa njia zinazopingana. Bonde moja linaona uga unaoelekea juu, la pili linaona uga wa nguvu ile ile unaoelekea chini. Ni kama kaskazini na kusini ya mstari wa Kayabwe, ila hapa mawimbi ya mabonde yote mawili yanapita kwenye bamba moja, mahali pamoja. Na mwanga wa bonde la kwanza ukigeuzwa urudi ulikotoka, ni wa bonde la pili. Kwa hiyo njia ya kurudi ipo, imepinda vile vile, wazi kabisa.

Haiwezi kuwa vinginevyo. Silikoni iliyotobolewa, isiyo na sumaku, isiyotikiswa na umeme, na isiyopigwa mwanga mkali kupita kiasi, inafuata kanuni ya kale ya kubadilishana: kama mwanga unaweza kutoka hapa kwenda pale, unaweza kutoka pale kuja hapa kwa kiwango kile kile. Hakuna mpangilio wa matundu, hata uwe wa kupendeza namna gani, utakaoivunja kanuni hiyo. Ukisoma mahali kwamba “uga bandia wa sumaku” umefanya mwanga uende upande mmoja tu bila kurudi, uliza maswali mawili: je, kuna sumaku ya kweli mahali fulani? Je, kuna kitu kinachotikiswa kwa wakati? Kama majibu yote ni hapana, mwandishi amepitiwa. Na kizuizi chenye kingo kali, kama tundu lililotobolewa vibaya, kinaweza kuutupa mwanga kutoka bonde moja hadi la pili, nao ukarudi mbio.

Njia za upande mmoja tu zipo, ila zina bei. Haldane na Raghu walichapisha wazo hilo 2008, na mwaka uliofuata kundi la MIT likalitekeleza: nguzo za feraiti (kauri ya kisumaku) ndani ya uga halisi wa tesla 0.20, mawimbi ya gigahezi 4.5 hivi, yale ya jamii ya Wi-Fi na wala si mwanga wa macho. Waliweka kipande cha chuma katikati ya njia na wimbi likakizunguka, likaendelea, kwa sababu njia ya kurudi haikuwepo. Walitumia mawimbi hayo kwa sababu kwenye mwanga feraiti inakuwa kama imelala. Njia nyingine ilitoka Stanford mwaka 2012, kwa Fang, Yu na Fan: unatikisa kwa umeme sifa za vyumba vidogo vya mwanga, kila kimoja kikianza mtikisiko kwa kuchelewa kidogo baada ya mwenzake, na kule kuchelewa ndiko kunakokuwa potenshali ya uga. Huo kweli unatofautisha kwenda na kurudi, hauhitaji sumaku, lakini unadai waya, umeme na saa iliyopangika. Haldane alipata Nobel 2016 pamoja na Thouless na Kosterlitz, kwa kazi za awali za topolojia ya mata.

Je, uga wa matundu una kazi gani basi? Unayo, na mwaka 2025 watafiti wa China walionyesha kwenye chipu ya silikoni, kwa mawimbi ya mawasiliano: kona za umbo la S na vigawanyaji vya mwanga vilivyoongozwa na uga wa namna hiyo. Nitasema wazi kwamba kwa kona peke yake sijashawishika. Waya wa kawaida wa silikoni unapiga kona ya nusu kipenyo cha mikroni 5 na kupoteza sehemu ndogo mno ya desibeli, na watengenezaji wameshaumudu. Bamba la matundu bado lina hasara kubwa kuliko hiyo. Kinachonivutia ni namna ya kufikiri wakati wa kubuni. Kwa waya, kila kazi ina kifaa chake: kona, kigawanyaji, lenzi, na kila kimoja kinabuniwa upya. Kwa uga, unachora ramani ya mahali uga uwe mkali, mahali ulegee, mahali ubadili alama, kisha hesabu inakuambia matundu yasogee kiasi gani. Kona ni uga ulio sawa. Mpaka ambapo uga unabadili alama unakuwa barabara. Mbunifu anafikiri kama anayechora mikondo ya maji, na mwanga unafuata.

Kutoboa bamba la namna hiyo kunahitaji mashine za miale ya elektroni na chumba kisicho na vumbi, ambavyo hutavikuta Tororo. Kukokotoa ni suala jingine. Programu za MPB na Meep, zilizozaliwa MIT, ni za bure, na zinaendeshwa kwenye laptopu ya mwanafunzi. Yule kijana alizipakua kwa faiba yetu wenyewe usiku, wakati watu hawapakui sana. Nilimshauri aache bamba la vipimo vitatu, aanze na vipimo viwili: kwanza sega lisilovutwa, mpaka aione koni bila wasiwasi, halafu asogeze matundu kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni, na kusogea huko kuongezeke kwa mraba wa umbali, ili mvuto wenyewe uongezeke sawasawa na umbali, kwa sababu uga hutokana na tofauti za mvuto kutoka mahali hadi mahali. Hata ukivuta kwa nguvu gani, mvuto usiobadilika haukupi uga wowote.

Alipata ngazi ya sifuri, ikawa bapa vizuri. Akapata ya kwanza na ya pili, na uwiano wa nafasi zake kutoka ile ya sifuri ulikuwa karibu na 1.41. Ya tatu ilififia, mstari haukusomeka. Si kosa la programu. Duara la mwanga linapanuka kadiri unavyopanda ngazi, na sega lake lilikuwa na matundu machache mno. Duara la tatu lilikuwa likigonga ukingo kabla halijafunga. Ana njia mbili. Akiongeza matundu, kumbukumbu ya laptopu itaisha. Akiongeza mvuto, duara litasinyaa na kutosha ndani ya sega, lakini matundu ya pembeni yataanza kugusana, na koni aliyoihangaikia tangu mwanzo itaharibika huko huko ukingoni. Amechagua kuongeza matundu na kuomba saa za kompyuta chuoni.